Kutoka jedwali la ukweli hadi fomula ya pampu

Waalaikum salaam ndugu yangu. Umeniuliza jinsi ya kuligeuza jedwali lako la ukweli, yaani orodha ya hali zote za viingizo na jibu la kila moja, liwe fomula ya kuwasha pampu. Nimelisoma: A ni tangi la juu limepungua, B kisima kina maji, C swichi ya mkono. 1 ni ndiyo, 0 ni hapana, kwa mpangilio wa A, B, C. Unataka pampu iwake kwenye safu za 011, 110 na 111 tu.

Safu zenye jibu 0 ziache. Kwa kila safu yenye 1, unganisha herufi zote kwa NA, na penye 0 tanguliza SI:

(SI A NA B NA C) AU (A NA B NA SI C) AU (A NA B NA C)

Hilo ni sahihi tayari, ila refu. Tazama 110 na 111: zimeachana kwa C peke yake, basi C haina kazi pale, inabaki A NA B. Vivyo hivyo 011 na 111 zinakuachia B NA C. Usiogope kuitumia 111 mara mbili, inaruhusiwa kabisa. Sasa una (A NA B) AU (B NA C); B imo kote kuwili, itoe nje:

B NA (A AU C)

Geti (sakiti ndogo inayofanya kazi ya NA au AU) mbili tu, chipu ya 7432 kwa AU na 7408 kwa NA. Nimefurahi sana kuona B inailinda hata swichi ya mkono, maana hapa Shela niliwahi kuunguza pampu kisima kikiwa kikavu.

Viingizo vikifika vinne, chora ramani ya Karnaugh, yaani jedwali la miraba linaloweka jirani safu zinazoachana kwa herufi moja, vichwa vyake 00, 01, 11, 10 kwa mpangilio huo huo. Kabla hujachomea waya, jaribu 010 na 101. Zote zitoe 0.