Amekataa bei, hajapinga chama

Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima wa korosho huku Tandahimba, na neno lililonifunza kazi hii kuliko semina zote ni "wapinzani".

Siku ya mnada mmoja, bei ya juu iliposomwa watu waligawanyika. Wengine walitaka kuuza, maana ada za shule hazingoji. Wengine wakasema korosho zibaki ghalani hadi mnada unaofuata. Nikiwa na haraka niliandika kwenye muhtasari: "Wapinzani wa chama walikataa bei." Kikao kilichofuata, tulipofika kwenye ajenda ya kuthibitisha muhtasari, nikasoma kwa sauti. Mzee mmoja wa safu ya nyuma akainuka taratibu, ameshika bega la aliyekaa mbele yake.

"Katibu, mwanangu, hapo rudia."

Nikarudia.

"Mimi sijapinga chama. Chama hiki tumekianzisha sisi. Mimi nimekataa bei."

Wala hakukaa. Alibaki amesimama akinitazama.

Tangu siku hiyo sipitishi neno la aina hii bila kulipima, na ninakusihi nawe ulipime, uwe mwenyekiti wa kitongoji, msimamizi wa kundi la WhatsApp au mwanafamilia anayesimulia ugomvi wa shambani.

Kupinga ni kukingama. Gogo likianguka katikati ya njia, limeipinga njia. Kwa hiyo mpinzani lazima awe na kitu anachokipinga, na kitu hicho kitajwe. Tangu mfumo wa vyama vingi uruhusiwe mwaka 1992, neno hili limegeuka cheo: mtu anaitwa mpinzani hata siku anapokubaliana na serikali. Bungeni lina maana yake. Kijijini likimshika mtu linamfuata mpaka kisimani, na hakuna tena anayekumbuka alipinga nini.

Adui ni zito zaidi. Mwalimu Nyerere alipotaja maadui wa taifa alitaja ujinga, maradhi na umaskini. Hakuna hata mmoja kati ya hao mwenye mama na baba. Adui ni wa kutokomezwa, hakuna kukaa naye mkekani. Sasa sisi tunambandika jina hilo mama aliyeuza usiku bakuli mbili za korosho kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi nje ya mnada, kwa sababu mtoto ana homa. Kangomba inaumiza wakulima, na mama huyo namwambia hivyo usoni kwake. Lakini tukishamtangaza "adui wa ushirika", msimu ujao akija na gunia lake kichwani, nani atampokea?

Hasimu lina nafuu, ingawa wengi huliona kali sawa na adui. Limetoka kwenye Kiarabu, khasm, mtu mliyesimama naye kwenye shauri. Ndani ya uhasama mna kesi, na kesi husikilizwa. Nikiambiwa fulani na fulani ni mahasimu, huuliza kwanza: shauri lao ni lipi? Mara nyingi ni mpaka wa mikorosho, au mti ulioachwa na marehemu bila kusema wa nani. Likishatajwa, kuna pa kuanzia. Kwa sisi tunaohesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba ndiye anayeitwa, anapelekwa shambani, anaonyeshwa mti.

Mshindani sina la kusema sana, isipokuwa kwamba kushindana kuna mkia uleule wa kusaidiana na kupatana. Huwezi kushindana peke yako.

Ila mtani! Hili ningependa tulirudishe kila mahali. Magazeti huandika Simba na Yanga leo "mahasimu", kesho "watani wa jadi". Yanga ilianza mwaka 1935, Simba mwaka 1936, na katika miaka yote hiyo neno lililotusaidia kuishi nyumba moja ni utani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, na ana wajibu. Kijijini kwetu alifariki shabiki mkubwa wa Simba. Nilimkuta kaburini jirani yake, jezi ya Yanga imelowa jasho, yumo shimoni hadi kiunoni, anarusha udongo na kumsema marehemu kwamba amekimbia mechi ya Jumamosi. Wafiwa walicheka huku wanalia. Adui asingekanyaga pale.

Kuhusu kuchukua upande, watu huniambia katibu hapaswi kuwa nao. Sikubaliani. Nchi yetu ilikuwa miongoni mwa nchi zisizofungamana na upande wowote, na bado wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, walifunzwa hapa jirani, Nachingwea, hadi Msumbiji ikapata uhuru mwaka 1975. Kutofungamana maana yake hujafungwa kamba na mtu. Macho bado unayo, na dhulma unaiona. Kinachoharibu ni kupendelea kwa siri. Mimi siku ile ya mnada nilitaka tuuze. Sikusema, nikakaa kimya kama mtu wa haki, halafu kalamu ikanisemea: waliotaka nilichotaka nikawaita wanachama, waliokataa nikawaita wapinzani wa chama. Siku hizi ninanyoosha mkono kama wengine, natoa hoja yangu, kisha narudi kwenye daftari.

Na kwenye daftari ninaandika walichofanya watu, siwapi majina. "Waliokataa bei" mnada ujao wanaweza kuwa waliokubali bei, na maneno ya jana hayawadai kitu. "Wapinzani" hata wakikubali watabaki wapinzani.

Yule mzee alisimama mpaka nikakata maneno yale kwa mstari mmoja na kuandika juu yake: "Baadhi ya wanachama walikataa bei." Mwenyekiti akaweka sahihi pembeni. Mzee akaomba daftari. Akaazima miwani ya jirani yake, akapitisha kidole chini ya mstari, neno kwa neno, midomo ikichezacheza. Alipofika kwenye "wanachama" kidole kikasimama kidogo.

"Haya," akasema, akakaa. "Endelea na yatokanayo."