Anti Nijibu: Eti kuangalia muvi za DJ ni ushamba?

Mwezi huu barua nyingi ni za watu wanaobishana majumbani kwao, mmoja anataka hiki kwenye TV mwingine anataka kile. Nimechukua nne, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu inanigusa mwenyewe na pia wengi mnauliza kitu hichohicho.

Swali: Anti habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Dar, nyumbani Mbagala. Tangu mdogo naangalia muvi za DJ, zile mtu anaongea Kiswahili juu ya muvi ya nje anaitafsiri na kuisimulia, kibanda umiza cha mtaani kwetu, kile cha kulipia kuangalia video, ndo kimenilea. Sasa chuoni wenzangu wakikuta nina muvi ya DJ kwenye flashi wananicheka, wanasema ni ushamba, eti muvi inaangaliwa kwa lugha yake na sabtaito. Saa hizi naangalia kwa kujificha na hedifoni. Ni kweli naharibu muvi? – Msomaji, Mbagala

Jibu: Mdogo wangu usijifiche, hakuna cha aibu hapo.

Hao wanaokucheka wanadhani kuna namna moja tu ya kuangalia muvi, umekaa kimya gizani macho yako kwenye maandishi ya chini, wakati huku kwetu watu hawajawahi kuangalia hivyo. Waulize wazee waliokuwa wanaenda kumbi za sinema za Avalon na Empire pale Dar, au Majestic kule Unguja, kuangalia picha za Kihindi. Wengi Kihindi hawakijui, lakini yupo aliyeshaiona jana au anayeokota maneno mawili matatu, basi anamweleza wa pembeni, wa pembeni anampa wa nyuma, ukumbi mzima unaongea na steringi anaonywa kwa sauti kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Zikaja video, zikaja vibanda, na ile kazi ya yule jirani anayeeleza ikapata mwenyewe, mtu mmoja akashika maiki. Kwa Dar jina lililotangulia midomoni mwa watu ni Lufufu, alafu wakaja kina DJ Mark na wengine. Kenya wana DJ Afro, Uganda wanawaita VJ na VJ Jingo kule ni jina kubwa, watu wanaulizia muvi kwa jina la VJ hata mwigizaji hawamjui.

Na usidhani ni mambo ya huku Afrika tu. Japani enzi za filamu zisizo na sauti kulikuwa na watu wanaitwa benshi, anakaa pembeni ya skrini anasimulia, anaigiza sauti za watu wote, kike na kiume, na watu walikuwa wanachagua ukumbi kwa kufuata benshi gani anasimulia usiku huo. Wajapani leo wanawaheshimu kama wasanii. Mimi DJ wetu namuona hivyohivyo.

Maana sikiliza kazi yenyewe ilivyo. DJ mzuri hatafsiri neno kwa neno, ukimpima kwa kipimo hicho unamwonea. Anaiangalia muvi kwanza anajua inapoelekea, anashusha sauti ya muvi anapoongea anaipandisha kwenye ngumi na risasi, anakwambia huyu mzee unayemuona anacheka ndo kamuua baba yake steringi na mtoto hajui, anakufafanulia mila ya Wachina kwamba hapo mwanafunzi hawezi kumjibu mwalimu wake hata kama anaonewa, anawapa watu majina ya utani, anatupia methali palepale inapostahili, na yote hayo anafanya bila kusimama, saa mbili, peke yake. Jaribu dakika kumi tu uone pumzi inavyokata. Wapo mabibi na mababu wasiojua kusoma haraka, wapo ambao macho hayaoni maandishi madogo, hao wote sabtaito inawaacha nje na DJ anawaingiza ndani. Hilo peke yake linatosha kumheshimu.

Sasa na mimi niseme ninachokiona, maana nikikwambia kila muvi inafaa kwa DJ nitakuwa nakudanganya. Kuna muvi zimejengwa kwa ukimya. Mtu kakaa mezani anaangalia kiti kitupu dakika nzima, mtengenezaji ameuacha ule ukimya makusudi, DJ akiujaza kwa maneno umepoteza kile ulichotakiwa kukisikia. Muvi za kutisha pia, mlango unavyolia ndo utamu wenyewe. Vichekesho vya kucheza na maneno navyo DJ huwa anatunga vyake, na mara nyingine vyake vinachekesha zaidi, lakini ujue sio vya muvi. Ngumi, kisasi, mapenzi ya Kihindi, wafalme na mapanga, hapo mimi nampa DJ bila kufikiri mara mbili.

Nakushauri kitu kimoja. Chukua muvi unayoijua nje ndani kwa sauti ya DJ, uiangalie tena bila yeye. Utaona vitu viwili, utaona DJ aliongeza nini na utaona muvi ilikuwa inasema nini yeye alipokuwa anaongea. Wenzako chuoni wanakijua hicho cha pili tu, wewe utakuwa unajua vyote.

Kinachoniuma kwenye hizi kazi ni malipo. Muvi nyingi zinatiwa sauti bila mwenye muvi kuulizwa, na DJ naye akishamaliza kazi yake inakopiwa kwenye flashi kibanda kwa kibanda bila yeye kuona senti. Sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999 na COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, wapo kwa sheria hiyohiyo, ila mtaani bado mtu anajaziwa flashi nzima kwa hela ya chai. Mimi natamani siku DJ akae mezani na kampuni yenye muvi, wasaini, jina lake liandikwe kwenye kava, alipwe. Wana kipaji cha kustahili hivyo.

Swali: Anti, kwetu Morogoro mama mkwe akishafika saa za tamthilia ya Kituruki rimoti haitoki mkononi mwake, na wanangu nao wamenasa, sasa wanaongea kama watu wa kwenye TV, mtoto wa miaka saba ananiambia "naomba radhi mama". Mume wangu anasema hivi vitu vya kuingiziwa sauti vinapoteza uhalisia. Wewe unavionaje? – Mama wa wawili, Morogoro

Jibu: Dada yangu, mtoto anayeomba radhi mwache kabisa aendelee!

Hii ya tamthilia ni tofauti na ya DJ hapo juu, huku kila mwigizaji anapewa mtu wa kumuongelea na sauti ya asili inaondolewa. Bongo tulionja mapema, 2011 TBC walionyesha ile ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake kwa Kiswahili, watu wakaipenda mpaka rais wa China Xi Jinping alipokuja Dar Machi 2013 akaitaja kwenye hotuba yake. Na sababu sio ngumu kuiona, mkwe na mama mkwe nyumba moja, hiyo stori haihitaji kuelezwa huku kwetu. Baadae StarTimes wakafanya mashindano ya kutafuta sauti hapa Dar wakapeleka washindi Beijing kufanya kazi hiyo, na Azam nao wakaleta za Kituruki, Sultan ndo iliyowaweka watu sebuleni mapema kuliko hata taarifa ya habari.

Mume wako ana hoja lakini sio yote. Kinachoharibu sio kuingiza sauti, ni kuingiza kwa haraka haraka. Sauti tatu zinazunguka kwa watu kumi na tano, unamsikia waziri anaongea kwa sauti ya mpishi. Mtu analia kwenye picha na sauti inasoma tu kama tangazo la msiba redioni. Na ile tafsiri ya kufuata mdomo unavyocheza, mtu anasema sentensi ambayo hakuna Mswahili aliyewahi kuisema nyumbani kwake. Ila ikifanywa vizuri, malkia akinong'ona kwa Kiswahili kilichonyooka, mimi nasahau kabisa kama yule mama ni Mturuki. Mwambie shemeji akae na mama yake jioni moja tangu mwanzo wa kipindi mpaka mwisho, asipite tu sebuleni akielekea chumbani.

Swali: Binti yangu, mimi ni mstaafu hapa Tanga, nimekulia kwenye taarab. Mjukuu wangu anapiga singeli kutwa. Ule ni muziki au kelele? – Babu, Tanga

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Ni muziki, na naomba unisikilize kidogo kabla hujakasirika.

Singeli imetoka uswahilini Dar, Tandale, Manzese, Mburahati, vijana hawana vyombo, wana kompyuta moja na programu, wanachukua vipande vya muziki uliopo wanaviharakisha mpaka mapigo yanapita 200 kwa dakika. Na vile vipande, mzee wangu, vingi ni mchiriku, ule muziki wa uswahilini wa vinanda vidogo, na taarab. Kwa hiyo kile kinanda kinacholia kwa mbali chini ya zile kelele inawezekana kabisa ulishakicheza harusini. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikusanya kazi za studio ya Sisso ya Mburahati wakatoa albamu, na tangu hapo vijana hao wanaitwa kupiga Ulaya.

Wewe mtu wa taarab unajua kwamba hata taarab ilishadharauliwa. Siti binti Saad alitoka shamba Fumba, maskini, akaimba kwa Kiswahili wakati taarab ya jumbani ilikuwa ya Kiarabu, watu wakamtungia nyimbo za kumsimanga kwa umaskini wake, na bado 1928 akapanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri. Hao waliomsimanga leo nani anawakumbuka?

Kuhusu sauti kuwa juu, hapo niko upande wako asilimia mia. Nyumba ina wazee, mjukuu apunguze. Muombe akupigie taratibu alafu mkae mtafute pamoja ile taarab iliyofichwa humo ndani ni ya nani, wewe ndo utakayeitambua.

Swali: Dada, nataka kuangalia filamu ya Vuta N'kuvute lakini sijasoma kitabu. Nianze na kipi? – Msomaji, Mombasa

Jibu: Anza na kitabu, na wewe wa Mombasa una sababu ya ziada kwa sababu sehemu ya stori inafika huko kwenu.

Kitabu ni cha Shafi Adam Shafi, kilitoka 1999, na wengi Tanzania tumekisoma kidato cha tano na sita kwa ajili ya mtihani, ndo maana kuna watu wanakiogopa mpaka leo, wanakumbuka maswali ya dhamira badala ya kumkumbuka Yasmin. Binti wa Kihindi wa miaka 15 anaozwa mzee Raza wa miaka 52, anatoroka, anakimbilia mtaa wa Ng'ambo mjini Unguja kwa shoga yake Mwajuma, anakutana na Denge anayepinga utawala wa Waingereza. Kile Kiswahili cha Unguja, yale mazungumzo, utani wa kina Mwajuma, hivyo ni vya kusoma taratibu, hakuna kamera itakayokupa vyote.

Filamu ya Amil Shivji ya 2021, iliyoonyeshwa tamasha la Toronto mwaka huohuo, imefanya uamuzi wake. Imemshika Yasmin na Denge na mapambano, mengi mengine imeyaacha, na mimi sioni ubaya maana kitabu ni kirefu. Ilichonacho yenyewe ni vichochoro vya Unguja usiku, taa, kuta, nyuso za watu, na inakwenda polepole, inakuacha uangalie. Ukiingia hujasoma unaweza kuona mbona watu hawa wameshapendana haraka hivyo. Ukiwa umesoma unajua kila kilichopita katikati, na ule upole wake unaufurahia.

Soma toleo zima usikubali zile kopi za muhtasari za wanafunzi, zinakupa nani kafa nani kaolewa alafu basi. Na filamu ukiipata iangalie kwenye skrini kubwa ukiweza, kwenye simu lile giza lote linakuwa weusi tu huoni kitu.