Uliza Ujibiwe: mabuli na vikombe vya Kijapani

Meseji za vyombo vya chai vya Kijapani zimejaa kwenye simu ya safu hii, basi leo najibu hizo tu, zile za maua na mbolea mtanisubiri kidogo.

*Dada habari za kazi. Niko Mwanjelwa, kwenye vyombo vya mtumba nimepata kibuli chekundu kidogo, mkono wake haupo nyuma kama mabuli yetu, umechomoka ubavuni umenyooka, na chini kina muhuri wa maandishi ya kwao. Muuzaji anasema kimetengenezwa kwa mkono. Nitajuaje?*

Nzuri mdogo wangu, na hongera, una jicho. Hicho wenyewe wanakiita kyusu, na huo wekundu unanifanya nifikirie kwanza Tokoname, mji wa pwani kwenye mkoa wa Aichi ambako watu wanafinyanga bila kukatika tangu zama za kati, na mabuli mekundu wakaanza kuyatengeneza miaka ya 1850 kwa kuangalia yale ya Wachina wa Yixing. Wekundu unatokana na chuma kilichomo kwenye udongo, sio rangi ya kupaka, na udongo huohuo tanuri likinyimwa hewa unatoka mweusi.

Sasa muhuri uache kwanza, viwanda navyo vinagonga mihuri, tena mizuri. Toa kifuniko uchungulie ndani kwenye mwanga wa dirisha. Buli lililofinyangwa kwenye gurudumu mara nyingi utaona mistari inayozunguka, ni alama za vidole vilipokuwa vinapandisha udongo, ila lile la kiwandani wanamimina udongo mwepesi kama uji kwenye kalibu ya plasta kwa hiyo kuta zake ni laini kila mahali na saa nyingine kuna kamstari kanakopita tumboni au chini ya mdomo pale kalibu zilipokutana, pitisha ukucha utakahisi. Mfinyanzi anatengeneza tumbo peke yake, mdomo peke yake, mkono peke yake, kifuniko peke yake, halafu anaviunganisha vikiwa vimekauka nusu, na pale kwenye maungio ndipo ninapopenda kuangalia mimi maana hapo mkono wa mtu hauwezi kujificha. Angalia na chujio la ndani, kama ni la udongo lenye vitundu vilivyotobolewa kimoja kimoja hiyo ni dalili nzuri, kama ni waya basi ni buli la matumizi ya kila siku, si lazima liwe feki.

Halafu jaza maji, ziba kwa kidole katundu kalikopo juu ya kifuniko, kisha mimina. Maji yakikatika palepale ujue kifuniko kimekaa sawasawa, kule Tokoname wanakisugua na ukingo wa buli kwa mchanga laini mpaka vikubaliane. Achia kidole yatoke tena, na ukimaliza kumimina angalia kama tone linarudi nyuma kuteleza kwenye shingo. Buli linalodondosha hovyo hata kama limesainiwa na bingwa mimi silipendi, nasema ukweli.

*Hujambo mwanangu. Mjukuu wangu kaniletea buli la Kijapani la udongo. Hapa Mafinga baridi ya mwezi wa sita naijua mwenyewe, na chai yangu ni ya maziwa na tangawizi. Naweza kulitenga kwenye mkaa?*

Sijambo mama, shikamoo. Hapana, usilitenge, litapasuka, lile si la kupikia ni la kuloweka majani tu, maji yanachemshwa kwingine. Na maziwa tafadhali usiweke kama halina ile ngozi ya kioo ndani, yaani lile tabaka gumu linalong'aa, udongo mtupu unafyonza, wiki ijayo litanuka mgando na hutaitoa harufu hiyo. Kwa sababu hiyohiyo sabuni usitie, suuza kwa maji ya moto, liache wazi likauke kifuniko pembeni. Hata yale mabuli ya chuma yaliyopakwa enameli ndani, watu wanayaona chuma wanadhani ni ya jikoni, nayo moto hayataki.

Halafu haya majani yetu ya pakiti, yale ya chengachenga, yataziba chujio lote. Tafuta majani marefu yasiyosagwa, au chai ya kijani yao wanayoiita sencha, ambayo haitaki maji yanayochemka, inataka kama nyuzi 70 hadi 80. Huku kwetu juu maji yanachemka mapema, Mbeya mjini pale mita kama 1,700 yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, lakini bado ni moto sana kwa chai hiyo itakuwa chungu. Fanya hivi mama: mimina maji kwenye vikombe vitupu kwanza, yapoe kidogo huku vikombe vinapata joto, ndipo uyarudishe kwenye buli lenye majani, subiri dakika moja, kisha mimina kidogo kidogo kwa kuzungusha kila kikombe mpaka tone la mwisho. Ile ya maziwa na tangawizi iendelee kwenye sufuria yake, wala usiiache, ni tamu.

*Dada mambo, niko Iringa mjini. Rafiki yangu aliyeko Japani kanitumia kikombe cheupe kama maziwa, kina vinyufa vidogovidogo kote na chai ikikaa naona unyevunyevu chini kwenye meza. Nimepewa kibovu?*

Poa. Hapana kabisa, na ningekuwa karibu ningekuja kukishika. Kwa maelezo yako kinafanana sana na vya Hagi, mkoa wa Yamaguchi, ambako kazi hiyo ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1600 na wafinyanzi Wakorea waliochukuliwa wakati wa vita vya 1592 hadi 1598, pale Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani, alipoivamia Korea. Jambo hilo huwa linaniuma kila nikishika kikombe cha Hagi, uzuri huo umetoka kwa watu waliohamishwa kwao kwa nguvu, na mkusanyaji anatakiwa alijue. Vinyufa vinakuja kwa sababu ngozi ya kioo inanywea kuliko udongo ulio chini yake wakati wa kupoa, basi chai inapenya humo pole pole na rangi ya kikombe inabadilika mwaka hadi mwaka, wenyewe wanasema Hagi hubadilika mara saba. Wapenzi wa chai wa zamani walipanga aina za vyombo hivi, Raku ya kwanza, Hagi ya pili, Karatsu ya tatu.

Unyevu utapungua ukikitumia. Ukitaka haraka kichemshe taratibu kwenye maji yaliyooshea mchele, wanga unaziba. Ila kikauke vizuri kabla ya kukiweka kabatini, baridi na unyevu wa Iringa vikikutana hapo utapata ukungu.

*Kikombe changu kilivunjika nimekiunga na supa gluu, naweza kunywea? Makambako.*

Usinywee, gundi hiyo na chai ya moto havipatani, kiweke cha kuangalia. Ule uungaji wa Kijapani wenye mistari ya dhahabu unatumia utomvu wa mti wa urushi unaokauka taratibu kwa wiki nyingi, dhahabu ni ya kunyunyizia juu tu.

*Nataka kuanza kolekisheni ila hela ni ya mawazo. Nianzie wapi? Tukuyu.*

Anza na kikombe kimoja, kile kirefu kisicho na mkono, yunomi, nunua cha mfinyanzi asiye na jina kubwa na ukinywee kila siku. Majina makubwa yana mtego. Hamada Shoji, mfinyanzi maarufu wa mji wa Mashiko, aliyefariki 1978, kazi zake alizofanyia kwao hakuzisaini, alisaini boksi la mbao la kuwekea chombo, kwa hiyo boksi na chombo vikitengana mnunuzi anabaki na maneno ya muuzaji tu. Na boksi orijino linaweza kutiwa kikombe kingine, hilo nalo lipo.

Wewe uko pazuri lakini, teremka mpaka Matema uvuke Ikombe kwa akina mama wa Kikisi wanaofinyanga vyungu bila gurudumu, omba ruhusa ukae uangalie mtu akipandisha ukingo, shika vingi, vilivyokauka na vilivyochomwa, gonga usikilize. Baada ya hapo fungua picha za vyombo vya Kijapani vya Bizen, vile visivyo na ngozi ya kioo vinavyochomwa kwa kuni siku kumi na zaidi, utaona alama za moto na majivu ambazo mtu wa duka la vyombo hazioni. Na kabla hujatuma hela kwa muuzaji wa mtandaoni, dai picha ya kitako na picha ya ndani. Akikutumia ya mbele tu, achana naye.