Barakoa za Wapende zinabuniwa upya, si kunakiliwa tu

Wapo wanaodhani kwamba Wapende, kabila la huko Kongo, hunakili tu barakoa za zamani. Hapana ndugu, mchongaji wa Kipende hakai akirudia sura zilezile za mababu. Barakoa mpya zimekuwa zikibuniwa, tena mara nyingi anayeanza si mchongaji, ni mchezaji ngoma. Mtafiti Zoë Strother, aliyeishi na Wapende mwishoni mwa miaka ya 1980, alieleza jambo hili vizuri sana: kijana hupata wazo la mtindo wa kucheza, hulijaribu pamoja na wapiga ngoma, wimbo na mavazi vinafuata, na uso wa mti huagizwa karibu na mwisho. Yaani mti unaufuata mguu!

Itazame ile iitwayo Mbangu. Upande mmoja mweusi, mwingine mweupe, pua na mdomo vimepinda, na mchezaji hubeba nundu iliyochomwa mshale. Ni mtu aliyerogwa. Ukiiona imetundikwa ukutani makumbusho umepata nusu tu, maana kule kuchechemea kwake uwanjani ndiko kunakomaliza maana.

Na wachongaji wana majina. Gabama a Gingungu wa Wapende wa kati alisifika mno enzi za ukoloni, na wengine walijifunza kwake. Inaniuma kuona lebo za "msanii hajulikani".

Ila hapa nasema juu ya mbuya, yaani barakoa za mti. Zipo nyingine ziitwazo minganji; hizo hazichongwi, zinasukwa kwa nyuzi za mti wa mwale, na zinahusiana na jando.