Viza bado, na safari imebaki wiki nane

Pole, ndugu. Umesema unakwenda Ufaransa na Italia baada ya wiki nane, na usingizi umekuruka kwa hofu ya viza mbili. Tua mzigo mmoja: nchi zote mbili zimo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza ya pamoja, kwa hiyo viza ni moja. Unaiomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi.

Chukua miadi ya kuwasilisha ombi leo. Miadi ndiyo inayokwamisha watu, si fomu. Ombi hujibiwa kwa kawaida ndani ya siku 15, ila linaweza kufika 45. Pasipoti iwe hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka huko, na bima ya safari isipungue euro 30,000.

Tiketi usilipie bado, shikilia nafasi tu. Mimi nilijifanya mjanja nikalipa mapema, pesa zikapotea. Wala usiweke benki fedha za kukopa dakika za mwisho, huzua maswali kwa wanaokagua ombi lako.

Kama uliwahi kunyimwa viza, usifiche. Muone mwanasheria wa uhamiaji. Wakala anayekuapia kwamba viza ni lazima itoke, mkimbie.