Muulize anahesabu kuanzia wapi

Dodoso tulilopewa mwaka wangu wa kwanza kazini lilikuwa na safu moja ya pembeni ambayo mhojiwa haioni. Humo tuliandika kama uamuzi aliotusimulia ni "sahihi" au "si sahihi". Siku moja ya masika, mwaloni Igombe, kando ya Ziwa Victoria huko Mwanza, niliandika "si sahihi" mbele ya jibu la mama mmoja muanikaji wa dagaa. Ninyi mnaoingia sasa kwenye kazi hii ya kuchunguza namna watu wanavyoamua, nawaomba mlijue kosa lile vizuri, maana mtakutana nalo kabla wiki ya kwanza haijaisha.

Mama yule alinunua dagaa wabichi wa shilingi 160,000 alfajiri, akawaanika. Kufika saa nane mchana wingu limeshatanda ziwani na dagaa bado hawajakauka. Akaja mnunuzi, akataja 140,000 kwa mzigo wote kama ulivyo. Mama akakataa. Mvua ikanyesha, dagaa wakalowa, na kesho yake wakaenda kwa watengeneza chakula cha kuku kwa 70,000. Mimi nilikuwa nimetoka kuwasoma Kahneman na Tversky na nadharia yao ya matarajio, inayoeleza namna watu wanavyoiogopa hasara, kwa hiyo niliona jambo liko wazi: ameogopa kuikubali hasara ndogo, akaangukia kubwa.

Nadharia yenyewe ni nzuri, msije mkaidharau kwa sababu ya kosa langu. Mwaka 1738 mwanahisabati Daniel Bernoulli alieleza kwamba mtu hapimi fedha kwa wingi wake, anapima manufaa anayoyapata kwayo, ndiyo maana elfu kumi ni nzito kwa asiye nacho na nyepesi kwa tajiri. Mwanahisabati John von Neumann na mchumi Oskar Morgenstern wakaipa hoja hiyo misingi ya kihesabu mwaka 1944. Kisha mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky, wanasaikolojia kutoka Israeli, wakaonyesha kwamba mtu hahesabu kuanzia mali yake yote. Anahesabu kuanzia mahali fulani aliposimama. Kilicho juu ya hapo anakiona faida, kilicho chini anakiona hasara, na hasara humuuma kuliko faida ya kiasi hichohicho inavyomfurahisha. Waliwauliza watu: upewe 3,000 kwa uhakika, au nafasi ya asilimia 80 ya kupata 4,000? Asilimia 80 ya waliojibu wakachukua 3,000, ingawa kwa wastani upande wa pili una thamani ya 3,200. Swali lilipogeuzwa likawa la kupoteza kiasi hichohicho, asilimia 92 wakaona afadhali kubahatisha.

Sasa mama wa Igombe alikuwa anahesabu kuanzia wapi? Mimi nilijijibia: kuanzia 160,000 aliyonunulia. Sikumuuliza. Nilipokwenda kwake mara ya tatu, tumeshazoeana, ndipo akaniambia kwamba mtaji ulikuwa wa kikoba, na marejesho yake kesho yake jioni yalikuwa 180,000. Akiba hakuwa nayo. Katika kikundi chao ukipungukiwa unatozwa faini na unarukwa kwenye mkopo unaofuata, na adhabu ni hiyohiyo upungukiwe elfu arobaini au laki moja. Kwa 140,000 alikuwa na uhakika wa kuadhibiwa. Kwa kusubiri jua, angalau alikuwa na njia moja ya kufikisha. Nilirudi nikaifuta ile safu kwa mkono wangu, katika kila dodoso nililokuwa nalo.

Hapa ndipo wanapokwama wengi, hata waliosoma sana. Modeli mbili zinatabiri jambo lilelile. Nadharia ya matarajio inasema atakataa kuuza chini ya bei aliyonunulia. Modeli ya manufaa, ile iliyoanzia kwa Bernoulli, ukiiwekea kile kizingiti cha marejesho, nayo inasema atakataa. Kumwona akikataa, basi, hakukuambii lolote kuhusu modeli iliyo na ukweli. Tafuta hali ambapo zinaachana njia. Tafuta waanikaji walionunua alfajiri moja kwa bei moja, wengine wakiwa na marejesho wiki hiyo na wengine hawana. Ikiwa wote wanakataa kushuka chini ya bei ya kununulia, hofu ya hasara ina nguvu kweli. Ikiwa wanaokataa ni wenye marejesho peke yao, nenda ukaangalie kanuni za vikoba vyao. Nimezunguka mialo ya Kirumba na Kayenze nikitafuta tofauti za namna hiyo, na siku moja niliyoipata ilinifundisha zaidi ya madodoso mia mbili yaliyojazwa mbio mbio.

Kwa wavuvi mambo yanakuwa mengine. Dagaa huvuliwa kwenye giza, yaani siku ambazo mbalamwezi haipo, kwa kuwa taa ndiyo inayowakusanya. Dodoso letu liliwauliza manahodha: "Ulilinganisha machaguo gani kabla ya kuamua kurudi nchi kavu?" Mzee mmoja aliyeanza kuvua tangu ujana wake alinijibu, "Sikulinganisha. Niliona maji yamebadilika, nikageuza." Nikambana, kwa sababu fomu ilitaka machaguo matatu. Kwa kunionea huruma akanitungia matatu. Hayo ya kutungwa ndiyo yaliyoingia kwenye takwimu.

Gary Klein, mwanasaikolojia wa Marekani, alikutana na jibu kama la mzee huyo miaka ya 1980 alipowahoji makamanda wa zimamoto. Nao walimwambia hawalinganishi. Kamanda anaitambua hali kuwa ni ya aina anayoijua, tendo moja linamjia, analipitisha akilini aone kama litafaa, anatenda. Ukiwa mbele ya mtu wa namna hii, acha kabisa kuuliza machaguo. Uliza: "Uliona nini? Na kijana wa mwaka wa kwanza asingeona nini hapo?" Utaambiwa habari za upepo uliogeuka, za taa za mitumbwi ya wenzake zilivyokuwa zikiyumba, na kalamu yako itachoka.

Ila si kila mwenye mvi anaona hivyo. Kahneman na Klein, waliokuwa na misimamo tofauti juu ya jambo hili, waliandika pamoja mwaka 2009 na wakakubaliana kwamba silika ya mzoefu inaaminika pale mazingira yanapokuwa na mpangilio unaojirudia na mtu anapopata majibu ya haraka ya alichokifanya. Nahodha anajibiwa na ziwa usiku uleule. Tajiri anayenunua mtumbwi na injini mara moja katika miaka kumi hajapata nafasi hiyo ya kujifunza, hata akiongea kwa kujiamini namna gani.

Herbert Simon, mchumi wa Marekani, nitamtaja kwa ufupi, ingawa ndiye ninayempenda kuliko wote. Katika miaka ya 1950 alisema mtu hana muda, taarifa wala akili ya kupima kila kitu, hivyo anaweka kiwango cha kumtosha na kuchukua cha kwanza kinachokifikia. Ukitaka kumwelewa, mfuate mnunuzi mmoja tu Kirumba asubuhi. Hazungukii meza zote.

Kuhusu namna ya kuuliza, asilimia ziacheni ofisini. Nilipouliza "nafasi ya asilimia 80", niliitikiwa "sawa" na kila mtu, na majibu hayakuwa na maana. Chukua kopo, weka punje kumi za maharage, nane nyekundu na mbili nyeupe, mwache mtu aingize mkono achote mwenyewe mara kadhaa, halafu uliza. Wapo watakaokataa mchezo huo kwa kuwa wanauona ni kamari na dini yao haiuruhusu. Kukataa kwao kuandikeni kama kulivyo, msikugeuze kuwa "anaogopa kubahatisha". Na jamani, msimhoji mtu wakati anapimisha samaki. Salimieni kwanza, "mwangaluka", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, hufungua mlango ambao barua yenye mhuri haifungui.

Lililonichukua muda mrefu kulielewa ni suala la saa. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mtu akishajua tukio lilivyokwisha, huliona kuwa lilikuwa likitabirika, na hata hajui kwamba kujua huko kumembadilisha. Ukimhoji mvuvi baada ya dhoruba, atakwambia aliliona wingu tangu jioni, na hakudanganyi. Kwa hiyo tulianza kwenda mwaloni mara mbili: saa kumi na moja jioni wakipakia taa, na alfajiri wakirudi.

Jioni moja nahodha kijana aliniambia hali ni shwari, usiku utakuwa mzuri. Walirudi saa saba usiku, nyavu zimelowa na ndoo tupu, upepo umewafukuza. Alfajiri nilimuuliza tena jioni aliiona hali vipi. "Nilijua tangu mwanzo kutaharibika," akasema, akinitazama usoni bila wasiwasi wowote. Sikumkumbusha maneno yake ya jana. Niliandika majibu yote mawili kwenye ukurasa mmoja, moja juu ya jingine, na saa ya kila moja pembeni.