Mimi niliinuliwa na kazi, si pole

Mkuu, umeuliza kama watu kumi hivi wanaoishi jirani wanaweza kweli kumshika mtu aliyeyumba, au ni maneno ya kufarijiana tu. Ukaongeza kwamba umefukuzwa kazi na hutaki kuonekana mzigo. Nakujibu kwa yaliyonikuta mwenyewe, maana ushauri wa jumla jumla umeshapewa wa kutosha.

Mimi kazi ilikatika ghafla, na miezi miwili baadaye mke wangu akalazwa. Jengo letu lilikuwa na kaya tisa. Nilikuwa nimekaa pale miaka minne bila kujua majina ya hata nusu yao. Habari ilipovuja wakaanza kuja, mmoja baada ya mwingine, na nisikudanganye, zile pole zilinichosha. Kila aliyeingia aliingia na sura ya msiba, na kila aliyetoka alisema, "Ukiwa na shida yoyote utuambie." Sasa mtu halali, hana hela, kichwa kimejaa hospitali, ataanzaje kuchagua shida ya kuwaambia? Nikawa nazima taa mapema ili wadhani nimelala.

Aliyenitoa mle ni mama mmoja wa ghorofa ya chini, muuguzi, mkali kidogo. Pole hakunipa. Aligonga, akanitia ufunguo mkononi, akasema, "Mama yangu ana miaka themanini na sita. Mimi naondoka alfajiri, narudi jioni. Saa nne ingia uone kama amekunywa dawa, saa tisa uingie tena. Siku usiyoweza niambie mapema, vinginevyo nitakuwa nimemwacha peke yake."

Nilikasirika. Nilitaka kumuuliza, kwani wewe huoni hali yangu? Lakini saa nne ilipofika nikashuka. Kesho yake nikashuka tena. Wiki ya pili nikajikuta nanyoa ndevu, kwa sababu bibi yule alikuwa akiniona nimekaa ovyo ananiuliza kama nimelala barabarani. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kwa mtu kuninung'unikia kama mtu wa kawaida.

Baadaye sana nikakutana na utafiti wa Emmy Werner na Ruth Smith, waliofuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, hadi ukubwani. Kati ya waliokulia kwenye shida nzito, kama theluthi moja walikuja kuwa watu wazima waliotulia. Kwamba walikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewajali, hilo mtu angeweza kulikisia. Lililonigusa ni kwamba watoto hao mara nyingi walikuwa na jukumu lililotegemewa kwelikweli nyumbani, kama kulea wadogo zao. Wasipolifanya, pengo linaonekana. Nilicheka peke yangu. Muuguzi wetu alikuwa amenipa dawa ileile bila kufungua kitabu.

Na zile dakika tano za kumchungulia mzee usizidharau. Julai 1995 joto lilifika nyuzi 41 kwenye jiji la Chicago, Marekani, wakafa watu zaidi ya 700, wengi wao wazee waliokuwa peke yao. Mwanasosholojia Eric Klinenberg alilinganisha mitaa miwili inayopakana, North Lawndale na South Lawndale, yote ya watu wa kipato cha chini na yenye wazee wengi wanaoishi peke yao. Ukizingatia idadi ya wakazi, vifo vya North Lawndale vilikuwa kama mara kumi ya vile vya jirani yake. Kule South Lawndale barabara zilikuwa na watu na maduka, mzee akitoka anakutana na mtu. North Lawndale ilikuwa imehamwa, majengo tupu, wazee wanaogopa kufungua mlango. Sidhani kama wa South Lawndale walipendana kuliko wa North. Walikuwa wakionana tu.

Sasa upande ambao watu hawausemi. Kundi dogo lina umbea, tena umbea wa kasi. Nilimwambia jirani mmoja deni langu asubuhi, jioni nikaulizwa ngazini limefika wapi. Tangu hapo mambo ya hela niliyasema kwa mtu mmoja tu, hayo mengine nikayaacha yasambae, hata yakanisaidia. Pia watu wanachoka. Mwezi wa kwanza kila mtu alitaka kunisindikiza hospitali, wa tatu wakabaki wawili, nami moyoni nikawalaumu waliopungua. Lilikuwa kosa. Walikuwa na yao. Tulipogawana siku, kila mtu na siku yake moja kwa wiki, wanne kati ya waliopotea walirudi wenyewe.

Kwa hiyo kwako, mkuu: usisubiri upate nguvu ndipo uwatafute. Na usiende kuomba "msaada", neno hilo linawatisha watu kwa sababu halina mwisho. Omba kitu chenye saa. "Kesho saa mbili niangalizie mtoto hadi saa nne." Mtu anajua anaanza wapi na anaishia wapi, na akikataa hamtanuniana. Halafu siku hiyohiyo muulize yeye ana nini unachoweza kumshikia. Akisema hana, angalia vizuri, anacho. Kwenye jengo letu kulikuwa na kijana aliyeshindwa kuandika barua za kuomba kazi, na mimi asiye na kazi ndiye niliyekuwa namwandikia. Alipata kabla yangu, ikaniuma kidogo, kisha akanipeleka kwa bosi wake.

Mke wangu alirudi nyumbani. Ufunguo wa bibi bado ninao, na saa nne zangu bado nashuka nikiwa sina zamu kazini. Wewe anza na jirani mmoja wiki hii, kisha urudi utuambie alikujibu nini, hata kama alikukatalia.